Re: Chumba cha kupumzika Dar kabla ya ndege ya Songwe

Mdau wa Minneapolis:

Wakuu mugonile, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, wakubwa shikamooni.

Desemba tunakuja nyumbani, mimi na mke wangu, mtoto wa miezi 9 na mama mkwe aliyekuwa kwetu miezi sita kutulelea. Istanbul tunakaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa moja jioni, afu Dar tunatua saa tisa usiku na ndege ya Songwe, uwanja wa Mbeya, ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Tiketi za bei nafuu ndo zilivyotoka hivyo. Braza wangu wa Dar anasema tukae tu eapoti, hela ya chumba tununue pampasi, mke wangu hataki hata kusikia. Nani ameshachukua chumba cha kupumzika mchana, kinapatikanaje, na unakibuku vipi?

Dada wa Reading, Uingereza (kwa sasa Uyole, Mbeya):

Mdogo wangu, msikilize mke wako.

Nakuandikia nikiwa Uyole kwa mama, tumefika wiki iliyopita kwa njia hiyo hiyo yako, Istanbul, Dar, Songwe. Mama ana miaka 71 na magoti yake mnayajua wanaomfahamu. Sisi watu wa huku safari yetu haiishii Dar kama ya wenzetu, Dar ni katikati, na masaa yale ya Dar ndo yanayomaliza mzee kwa sababu mwili umeshajiambia tumefika kumbe bado.

Naanza na kosa langu maana ndo litakusaidia zaidi. Safari ya mwaka juzi nilipata loji moja karibu na eapoti, jina silitaji, nikawatumia meseji nimeandika tutafika "4 am". Wakajibu sawa dada karibuni. Tumefika saa kumi na nusu alfajiri, mlinzi anafungua geti anashangaa, dada wa mapokezi anaangalia daftari lake, limeandikwa saa 4 asubuhi. Yani aliona 4 na asubuhi akaandika saa nne kama mtu yeyote wa kwetu angeandika, na chumba chetu kilikuwa na mtu amelala mpaka saa nne ndo anatoka. Mama alikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha mapokezi masaa matano na nusu, koti la Uingereza mapajani, na alipovua viatu miguu ilikuwa imevimba mpaka alama ya soksi imeingia ndani kama imechorwa. Hakulalamika hata neno moja. Mimi ndo nililia, nilienda nje nikalia.

Kwa hiyo mara hii niliandika hivi, na wewe andika hivi hivi: "tunafika usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 11, saa kumi alfajiri, yaani 04:00, na tunahitaji chumba mpaka saa saba mchana siku hiyo hiyo ya Jumatano, yaani 13:00." Afu piga simu uwasomee, wakurudie kwa mdomo wao. Hilo neno usiku wa kuamkia linamaliza utata wote wa tarehe, maana watu wanapokosea ndo hapo: saa tisa usiku wa Jumatano ni usiku wa Jumanne bado kwa upande wa hoteli. Ukibuku kwenye mtandao ukachagua Jumatano, chumba chako kinaanza saa nane mchana, wakati wewe saa nane unatakiwa uwe eapoti. Chagua kuingia Jumanne, kutoka Jumatano, na uwaandikie kwamba utafika usiku sana wasije wakakiuza wakidhani hukuja.

Sasa chumba cha mchana chenyewe. Hoteli nyingi duniani wageni wanatoka saa tano au saa sita, wapya wanaingia saa nane au saa tisa, katikati vyumba vipo vitupu, na ndo maana wengine wanaviuza mchana kwa bei ya chini kuliko ya usiku, mara nyingi kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi mpaka saa kumi au kumi na moja jioni. Kuna hata mtandao wa Kifaransa unaitwa Dayuse ulioanza 2010, kazi yake ni hiyo tu. Ila kwa kutua kwako saa tisa usiku chumba cha mchana hakikufai, utalipa usiku mzima tu afu uombe kutoka kwa kuchelewa. Loji zetu nyingi mwisho wa kutoka ni saa nne asubuhi, hilo uliza kabla hujalipa. Mimi nililipa 60,000 ya usiku na wakaniongeza 20,000 nikae mpaka saa saba, nimekubaliana nao kwenye simu kabla, sio pale mapokezi nikiwa nimechoka. Na bei idai kwa shilingi, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza mtu kukutajia bei ya dola ndani ya nchi.

Jambo lingine naomba niliseme wazi kwa sababu najua linawazuia watu, hasa akina dada. Kwetu ukisema unataka chumba masaa machache mchana, watu wanafikiria gesti za mambo mengine, na mhudumu anakuangalia vile. Nilikuwa naona aibu kweli kuuliza nikiwa na mama pembeni. Usione aibu. Sema mwanzoni kabisa, "sisi ni abiria wa ndege, tumetoka nje, tunaenda Mbeya mchana, nina mama mtu mzima na mtoto mchanga." Sauti inabadilika hapo hapo. Safari hii yule binti alimwamkia mama shikamoo, akamletea daftari la wageni, mama akajaza mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa shule ya misheni, anatoka: Uingereza, anakwenda: Mbeya, kabila: Mnyakyusa, na akachukua muda wake kuandika. Tulipewa ndoo ya maji moto ya ziada bila kuomba.

Tafuta Kipawa au pale pale karibu na Barabara ya Nyerere, usiende mjini. Alfajiri barabara ni nyeupe utaona ni karibu, mchana kurudi ndo utajua foleni ya TAZARA. Na kumbuka ndege za nje zinatua Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019, ila za Songwe zinaondokea Jengo la Pili, sio mlango mmoja ule, unahitaji gari na mizigo yako yote. Mwambie dereva mapema ni jengo gani.

Mizigo Dar utaichukua hata kama tiketi ni moja, ni lazima mpite forodha. Wenye pasi za nje wakumbuke viza, dola 50, wa Marekani 100, ombeni mtandaoni kabla ya safari maana saa tisa usiku na mtoto analia sio muda wa kupanga foleni ya pili. Mama mkwe na pasi yake ya Tanzania atapita haraka atawasubiri upande wa pili, hakikisha ana simu yenye chaji.

Istanbul ni habari nyingine. Mama mkwe hawezi kutoka nje bila viza, kwa hiyo chumba lazima kiwe upande wa ndani. Ipo YOTEL mle mle eapoti, lakini ina pande mbili, ya ndani kwa wanaounganisha ndege na ya nje baada ya uhamiaji, sasa ukibonyeza haraka haraka unaweza kulipia ya nje na mama mkwe asiweze kuifikia. Soma vizuri. Ya ndani unalipia kwa masaa, huhitaji masaa yote tisa, chukua ya katikati mtoto alale. Mizigo mikubwa hamtaiona pale, kwa hiyo nguo za kubadilisha, maziwa, dawa za mama ziwe begi la mkononi. Saa ya Uturuki ni sawa na ya kwetu, mbadilishieni mama saa yake mkiwa pale, akilala na akiamka anakuwa ameshaingia ratiba ya nyumbani.

Mdau wa Leeds, kwetu Iringa:

Kamwene. Dada umeongea ukweli mtupu. Naongezea kwa sisi tunaoshuka na basi, tangu 2023 mabasi ya usiku yamerudi na watu wanashawishika kutoka eapoti moja kwa moja stendi ya Mbezi wapande. Mimi nilimfanyia baba hivyo na najuta mpaka leo. Mzee ametoka ndege ya masaa mengi, umpakie tena kilomita 500, mlima Kitonga anaupanda amekaa wima, alifika Ipogolo pale Iringa hawezi kusimama mwenyewe, tulimshika wawili. Sasa hivi tunalala Dar siku nzima, tunaondoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Wale wanaotafuta loji kwa ajili ya basi wachukue upande wa Mbezi au Kimara, sio Kipawa, la sivyo mnavuka jiji zima na mabegi.

Dada swali, hiyo 20,000 ya ziada, ndege ikichelewa je? Maana ukungu wa Songwe nao.

Dada wa Reading:

Swali zuri kaka, na ndo ilivyotokea. Saa sita ikaja meseji ndege imesogezwa mbele masaa mawili. Nilishuka mapokezi nikamweleza yule binti, chumba chenyewe kilikuwa na mgeni mwingine wa saa tisa, akatuhamishia cha chini kidogo hakina kiyoyozi, feni tu, akasema hakuna nyongeza dada, mama apumzike. Kwa hiyo mdogo wangu wa Minneapolis, mkifika tu muulize kabisa, tukichelewa tutakaa wapi. Desemba ni msimu wa mvua huku na ratiba inayumba.

Na siku ya kuondoka loji mvalishe mama mkwe vizuri. Dar atakuwa anatoka jasho atakwambia hataki sweta, mwekee begi la mkononi hivyo hivyo. Mama yangu alioga, akala chapati na chai ya maziwa, akalala masaa manne miguu juu ya mito miwili. Tulivyotua Songwe ilikuwa inanyesha, akashuka ngazi za ndege mwenyewe ameshika mkongojo, wajukuu wanamwona kwa mbali wanamwita bibi, na akatembea mpaka kwao. Ile mara ya kwanza alitolewa na kiti cha magurudumu.

Ukipata tarehe za uhakika niandikie pembeni nikupe namba ya ile loji niliyolala safari hii. Ndaga fijo.

Mdau wa Minneapolis:

Ndaga sana dada. Nimemsomea mama mkwe yote, kasema Istanbul tuchukue masaa sita, na sweta atavaa. Tarehe nakutumia leo usiku, yaani saa tatu ya huku.