Naomba ushauri: bwana afya amechukua katoni 6 za samaki wa mkebe dukani kwangu

Ndugu zangu, hamjambo. Nina duka la rejareja hapa Umoja, Nairobi. Juzi asubuhi maafisa wa afya waliingia kukagua, wakafika kwenye rafu ya samaki wa mkebe. Mmoja alibonyeza kifuniko kwa kidole gumba, kikazama, kisha kikarudi juu: tak! Mikebe mingi ilikuwa imevimba hivyo, na mmoja ulikuwa unavuja mchuzi mweusi kwenye mshono. Tarehe ya kuharibika ilikuwa bado mbali, ndiyo maana sikushtuka mapema.

Wamezuia katoni zote 6 chini ya Sheria ya Vyakula, Sura ya 254. Sibishani nao. Najua mkebe ukivimba huenda bakteria wametoa gesi ndani, na sumu ya botulizimu, sumu ya bakteria inayoweza kuua, haina harufu wala ladha ya kukuonya. Watoto wa mtaa huu hula kutoka dukani kwangu.

Sasa nimeletewa fomu ya kukubali bidhaa ziharibiwe. Muuzaji wa jumla naye amesema hanirudishii hata shilingi bila kuiona mikebe yenyewe. Risiti yake ninayo.

Je, nikitia sahihi nitakuwa nimepoteza haki ya kumdai? Picha, risiti na nakala ya hati ya kuzuia bidhaa vitatosha mbele ya Mahakama ya Madai Madogo?

Lingine linaninyima usingizi: wiki iliyopita niliuza mikebe kama kumi ya katoni hizohizo. Nimebandika tangazo mlangoni. Nifanye nini zaidi kuwapata walionunua?