Filamu ya vita vya Abushiri kupigiwa okestra ya Kizungu: sawa au tunajidanganya?

Binti Dunda (mleta mada):
Salaam aleikum wadau wa pwani. Jumamosi vijana wetu hapa Bagamoyo walituonyesha trela ya dakika tatu ya ile filamu ya vita vya 1888, Abushiri na watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mavazi sina neno. Majoho, vilemba, majambia, kina mama na kaniki zao, jahazi linakata maji, moyo unanidunda. Mara muziki ukaingia: fidla kama sitini hivi, mabaragumu, na kwaya inalia aaaa kwa lugha isiyo na mwenyewe. Nikajiona nimekaa kwenye harusi ya mfalme wa Ulaya. Hata zumari moja jamani? Naomba tujadili kwa heshima, filamu ya kihistoria ya kwetu ipigiwe okestra au ipigiwe vyetu?

Mtu wa Sinema:
Dada, filamu kubwa inataka sauti kubwa. Maurice Jarre alipoandika muziki wa Lawrence of Arabia mwaka 1962 aliitia London Philharmonic, hakuita wapiga ngoma wa jangwani, na hadi leo mtu akiisikia ile tuni anaona mchanga. Ukipiga ngoma watu watainuka kucheza. Na taarabu siku hizi si mipasho tu? Shujaa ananyongwa pale ufukweni Bagamoyo, nyuma yake mtu anamsema shoga yake? Hapana.

Fidla Ngamiani:
Wewe Mtu wa Sinema, hayo ya mipasho umeyasema kwa akili zako au umetumwa? Mimi nimeshika fidla miaka thelathini na moja hapa Tanga. Umewahi kusikia bashrafu, ile taarabu ya ala tupu? Bashrafu haina neno hata moja, mipasho itatokea wapi? Nimeona watu wazima wanajifuta macho kwa bashrafu, na hakuna aliyeinuka kucheza.
Na hiyo okestra unayoiita ya Kizungu, hebu waulize wazee wa Unguja. Vikundi vyao viliongeza fidla, selo na besi kwa kuziiga okestra za filamu za Misri, enzi za waimbaji Umm Kulthum na Abdel Wahab. Taarabu ya kikundi kikubwa nusu yake imezaliwa sinema. Sasa wewe unamfukuza mtoto nyumbani kwao.

Mzee wa Pangani:
Nani kasema Abushiri alinyongwa Bagamoyo?

Mtu wa Sinema:
Mzee wangu Fidla, shikamoo, kama nimekukwaza unisamehe. Ila nimesema SIKU HIZI. Na nyie Tanga ndio wa kwanza kuitupa fidla mkashika gitaa. Vikundi vyenu vya Black Star na Lucky Star vilikuwa na fidla ngapi?

Fidla Ngamiani:
Marahaba ya shingo upande. Black Star walitia gitaa na mapigo ya rumba, taarabu ya Tanga ikasikika mpaka Mombasa. Huko ndiko kutupa? Basi na aliyetia nazi kwenye wali ametupa wali.

Mzee wa Pangani:
Nimeuliza swali.

Kaole Kwetu:
Mzee, pale ufukweni kwetu pana mnara wa mahali pa kunyongea. Kila mgeni anapelekwa. Kwani ni uongo?

Mzee wa Pangani:
Mnara upo, na waliouawa pale Mungu awarehemu. Lakini Abushiri bin Salim alinyongwa PANGANI, Desemba 15, 1889. Bagamoyo mna magofu ya Kaole, mna misheni, mna mahali mwili wa Livingstone ulipopakiwa, mlikuwa makao makuu ya Mjerumani kabla hayajahamia Dar. Na Abushiri pia mnamtaka? Tuachieni marehemu wetu.

Kaole Kwetu:
Hahaha mzee, mtu anagombaniwa kama mpira wa kona. Alipigana Bagamoyo au hakupigana?

Mzee wa Pangani:
Alipigana. Mtu akija kwenu kupigana siyo amehamia.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu zangu, turudi 1888. Ikhwan Safaa, kile kikundi cha taarabu, iliundwa Unguja mwaka 1905. Ni kweli Sultani Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, lakini huo ulikuwa muziki wa ikulu, na kwa Kiarabu. Mwimbaji Siti binti Saad aliingia kwenye santuri mwaka 1928, Bombay. Kwa hiyo anayetaka taarabu kwenye filamu hii anakosea miaka sawasawa na anayetaka okestra. Mitaani kulikuwa na ngoma, zumari, matari ya maulidi, na nyimbo za wapagazi walioshuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani. Upande wa pili Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikuja na Wasudani aliowaandika Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Sauti zao nazo zilikuwa hapa hapa.
Na mmeusahau utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hii hii, kila kipande mizani nane. Mtafuteni mtu mwenye koo aughani peke yake, bila chombo, meli za Wajerumani zinakaribia. Sidhani mtaitamani hiyo kwaya tena.

Kaole Kwetu:
Mwalimu umeandika vizuri ila refu. Mzee wa Pangani, kwa hiyo ule mnara ubomolewe?

Mjukuu wa Mpagazi:
Mmebishana toka asubuhi na Wanyamwezi wametajwa mara moja, tena kwa kazi ya kubeba. Babu zetu walitembea miezi wakiimba hadi hapo Bagamoyo. Leo mnapiga simu kwa fidla. Watani tunaonana msibani.

Binti Dunda:
Jamani, mada yangu. Yule Mswidi Ludwig Göransson kabla ya kuandika muziki wa Black Panther alikwenda Senegal akazunguka na mwimbaji Baaba Maal. Akarudi na mpiga tama, ile ngoma inayobanwa kwapani, akaiweka juu ya okestra, akabeba Oscar. Mgeni amepanda ndege. Sisi TaSUBa, chuo cha sanaa, ipo hapo, unakwenda na kandambili, na hakuna aliyebisha hodi!

Mtu wa Sinema:
Asante dada, umenisaidia. Okestra ILIKUWEPO.

Binti Dunda:
Wewe unasoma nusu nusu kama mkataba wa nyumba.

Kijana wa Muziki:
Nimesoma kimya, sasa naomba niseme. Huo muziki wa trela nimetengeneza mimi. Hakuna fidla sitini, hakuna hata moja. Ni kompyuta, sauti za kurekodiwa, vidole vyangu na umeme unaokatika. Kwaya mnayoitafutia lugha haiimbi lugha yoyote, ni kitufe.
Ilikuwa hivi. Wakati wa kukata picha waliweka muziki wa muda kutoka filamu ya nje. Wakaukalia miezi, masikio yakazoea. Nilipoitwa nikaambiwa nifanye "kama huu ila usiwe huu". Zumari niliitaja, nikaambiwa hakuna bajeti. Nilijaribu bayati, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu, nayo ina zile sauti za katikati ambazo kinanda hakina. Nikazilegeza moja moja kwa kompyuta, ikasikika kama redio inayoishiwa betri. Nikaacha. Na hela yenyewe bado sijaiona yote.

Kaole Kwetu:
Duh. Kumbe tunagombania fidla za hewa.

Mtu wa Sinema:
Lakini si mlidanganyika wote? Basi inatosha.

Fidla Ngamiani:
Mwanangu, wewe sina ugomvi nawe. Ungesema mapema. Fidla haina vigawanyo shingoni kama gitaa, hizo sauti za katikati kidole kinazikuta chenyewe. Acha sitini zako za kompyuta nyuma, zipunguze, mbele weka moja ya kweli. Sikio litamfuata aliye hai. Na mwalimu apewe mtu wa kughani utenzi wake, pale mimi nanyamaza.

Kijana wa Muziki:
Mzee, nikulipe nini? Nimesema bajeti.

Fidla Ngamiani:
Nauli ya kuja na kurudi, na pa kulala. Kula nitakula kwa Binti Dunda, yeye ndiye aliyeanzisha.

Binti Dunda:
Karibu mzee. Pweza wa nazi.

Mzee wa Pangani:
Mkirekodi, mwishoni iandikwe PANGANI. Kwa herufi kubwa.

Mtu wa Sinema:
Mzee Fidla, na mimi nitakuja kusikiliza hiyo bashrafu. Ikinitoa machozi nitakuja kuandika hapa hapa.

Fidla Ngamiani:
Njoo na leso. Kuna mtu anayejua nani anauza nyuzi nzuri za fidla hapa mjini? Hizi nilizoletewa juzi zinakatika kabla sijamaliza kuzikaza.