Simu janja na redio ya gari: muziki, maongezi na nyaya zake, tupeane uzoefu

Kioo cha Mbele
Wadau, kila nikisikia mtu anasema redio yake haishiki simu, sentensi inayofuata ni kwamba anataka kununua nyingine. Mara nyingi redio haina kosa lolote. Mwenye ujuzi wa Bluetooth, AUX (tundu la kebo ya sauti), USB, vile virusha sauti vya FM, hata nyaya za nyuma ya redio, amwage hapa.

Naanza na hili: muziki unapiga vizuri kwenye spika za gari, lakini simu ikiingia sauti inatoka kwenye simu yenyewe. Au kinyume chake, maongezi yanasikika na muziki haupo. Bluetooth hupitisha vitu hivi kwa njia mbili. A2DP ni ya muziki, HFP ni ya maongezi, na moja inaweza kuwa imezimwa wakati nyingine inafanya kazi. Kwenye Android fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la redio, utakuta swichi ya simu na swichi ya sauti ya muziki. Zote ziwe zimewashwa. Ipo na ya tatu ya majina: ukiikataa ile ruhusa siku ya kwanza, redio itakuonyesha namba tupu kila anayepiga. Wa iPhone waingie mipangilio, Ufikivu, Mguso, kisha sehemu ya kuelekeza sauti ya simu, wahakikishe haijawekwa spika ya simu.

Spika Nne
Hapo kwenye ruhusa ya majina umegusa penyewe. Watu wanaikataa bila kusoma halafu lawama zote kwa redio.

Fundi Nyaya
Mimi nizungumzie redio inayosahau simu kila ukizima gari. Asubuhi unaunganisha upya, jioni unaunganisha upya, saa inarudi mwanzo, stesheni zote zimefutika. Mkiona dalili hizo tatu kwa pamoja, acheni kugusa simu. Tatizo liko kwenye nyaya mbili, wa njano na mwekundu.

Kwenye redio nyingi za kununua dukani, waya wa njano ni umeme wa kudumu unaolinda kumbukumbu, mwekundu unapata umeme ufunguo ukifika ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini), mweusi ni ethi, yaani upande wa hasi. Ikiwa wa njano ameunganishwa kwenye ACC, kumbukumbu inakufa kila unapotoa ufunguo, na orodha ya simu inaondoka nayo. Chukueni multimita, wekeni volti za DC, ncha nyeusi kwenye ethi. Toa ufunguo kabisa: wa njano usome kama volti 12 na kitu, mwekundu usome sifuri. Weka ACC: zote mbili zisome 12. Majibu yakiwa kinyume, badilisha hizo mbili nyuma ya soketi.

Wenye Volkswagen waangalie zaidi. Kwenye plagi ya ISO, ile ya kawaida ya nyuma ya redio, umeme wa kudumu hukaa pini namba 4 na wa ufunguo pini namba 7, lakini magari mengi ya kampuni hiyo yamezigeuza. Ndiyo maana viunganishi vingine vinakuja na vipachiko vya kati, vya njano na vyekundu, unavyoweza kuvichomoa na kuvipishanisha bila kukata waya. Na kuna mafundi wanaofunga njano na nyekundu zote kwenye umeme wa kudumu ili kumaliza kazi haraka. Kumbukumbu itabaki, ila redio nayo haizimiki na ufunguo, na ukiisahau imewaka usiku mzima betri itakuwa imekwisha asubuhi.

Dada Usukani
Kaka Fundi Nyaya, asante kwa hilo la pini 4 na 7. Linaeleza mengi.

Waya Tu
Haya yote ya kusahau na kukumbuka yanatoka wapi? Bluetooth. Weka kebo ya AUX, muziki unapiga, mwisho wa habari. Hakuna kuoanisha, hakuna namba ya siri, na sauti haibanwi kwanza kabla ya kusafiri.

Spika Nne
Mkuu, AUX haibebi maiki. Ukipigiwa utamsikia mtu kwenye spika zote za gari, lakini wewe unaongea kwa maiki ya simu iliyolala kwenye kiti. Kisha spika zinairudisha sauti yake kwenye maiki hiyo na anajisikia mwenyewe. Kwa anayepokea simu akiwa njiani, AUX ni nusu ya kazi.

Waya Tu
Njiani mtu aendeshe. Muziki ni muziki, na kwa muziki AUX inashinda. Bluetooth ya redio nyingi inatumia SBC tu, ule mfumo wa msingi wa kubana sauti, basi.

Dada Usukani
SBC ndiyo ambayo kila kifaa cha A2DP lazima kiwe nayo, lakini redio nyingi za miaka ya karibuni zina AAC pia, na nyingine zina aptX. Isitoshe, kwenye gari linalotembea, kelele ya tairi na upepo inaifunika tofauti hiyo kabla haijafika sikioni. Tusiwatishe watu kwa hilo.

Kwa wa AUX nina jambo moja. Mkisikia vinanda na ngoma vipo lakini sauti ya mwimbaji imezama kama anaimba ndani ya pipa, ethi ya plagi haigusi. Kushoto na kulia zikikosa ethi, kinachosikika ni tofauti kati yake tu, na mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo anafutika. Chanzo mara nyingi ni kava nene la simu linalozuia plagi ya milimita 3.5 isizame hadi mwisho. Vua kava, sukuma plagi hadi isikike inabana, mwimbaji anarudi. Asiporudi, kebo imekatika shingoni.

Chaja Mbovu
Hilo la mwimbaji kuzama nimelisikia kwenye magari mengi, sikujua chanzo.

Swali langu: vipi ule mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, ukiwa na AUX na chaja kwa pamoja?

Fyuzi Kumi
Hiyo ni oltaneta, ile inayozungushwa na injini kuchaji betri. Badilisha daiodi zake au funga kapasita kwenye waya wa umeme wa redio.

Fundi Nyaya
Usimpeleke kwenye oltaneta bila kupima, mkuu, hiyo ni gharama bure. Kelele inapanda na mzunguko wa injini, ndiyo, kwa sababu inazaliwa huko, lakini kinachoiingiza kwenye muziki mara nyingi ni ethi mbili. Simu imepata ethi kupitia chaja ya soketi ya sigareti, na imepata nyingine kupitia kebo ya AUX hadi kwenye redio. Kati ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo inatembea ndani ya waya wa sauti.

Kipimo hakihitaji kifaa. Injini ikiwaka na muziki umesimamishwa, chomoa chaja kwenye simu. Mluzi ukikata hapohapo, funga kitenganishi cha ethi katikati ya kebo ya AUX. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo na hakihitaji umeme. Au chaji kwa pawabenki. Mluzi ukibaki simu ikiwa kwenye betri yake, chomoa na AUX. Ukiendelea hata hapo, ethi ya redio yenyewe ni mbovu: kwangua rangi hadi chuma kiwe cheupe, kaza boliti upya. Oltaneta ije mwisho kwenye orodha.

Fyuzi Kumi
Oltaneta mbovu ipo pia, msiifute. Taa zikicheza pamoja na mluzi, mpime.

Fundi Nyaya
Taa zikicheza, nakubali.

Dada Usukani
Vile vipokezi vya Bluetooth vinavyochomekwa kwenye AUX vina ugonjwa huohuo vikila umeme wa USB ya gari. Chenye betri ya ndani hakina mluzi hadi siku unapokichaji.

Masafa
Tusiwasahau wenye redio za zamani bila AUX. Kirusha sauti cha FM kinafanya kazi, ila soma redio yako kwanza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana redio ya megahezi 76 hadi 90, za karibuni zinafika 95. Virusha sauti vingi vinaanza 87.5 hadi 108. Sehemu zinapokutana ni ndogo sana, kuanzia 87.5 hadi 90, au 95 kwa za karibuni, ndiyo maana mtu anaweka 101 kwenye kirusha na redio haifiki huko kamwe. Tafuta masafa matupu ndani ya nafasi hiyo, yasiyo na stesheni hata pembeni yake. Ukisafiri mbali utabadilisha tena.

Moshi
Jamani nimeona mnataja umeme wa kudumu na watu wataanza kuuchokonoa. Nisikilizeni kabla hamjafungua dashibodi.

Gari linatoa moshi nyuma ya redio kwa mpangilio huu. Mtu anataka USB ya kuchajia au kipokezi cha Bluetooth kilichojificha. Anachuna waya mnene wa umeme wa kudumu, anasokota wake juu, anazungusha gundi ya nailoni. Hakuna fyuzi. Gari linakaa juani, gundi inalainika na kuteleza. Redio inaposukumwa kurudi mahali pake, kiungo kinabanwa kwenye ule mshipi wa chuma unaoishika. Chuma hicho ni ethi. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya mwembamba haustahimili hata sehemu ndogo ya huo mkondo. Plastiki yake inayeyuka kwa sekunde chache, inayeyusha na nyaya za jirani, na moshi unatokea kwenye matundu ya kiyoyozi. Kuzima ufunguo hakusaidii kitu, kwa sababu umeme ule haupiti kwenye ufunguo.

Ukiona hivyo: simamisha gari, zima injini, watu wote watoke, simameni mbali, ita zimamoto. Ikiwa ni moshi tu bila moto na boneti unaifikia salama, fungua klipu ya hasi ya betri. Nati yake mara nyingi ni spana namba 10, kwa hiyo hiyo spana ikae garini.

Spika Nne
Hapo kwenye "ufunguo hausaidii" nimesimama nikasoma mara mbili.

Chaja Mbovu
Kwa hiyo fyuzi inawekwa wapi? Karibu na redio?

Moshi
Karibu na mahali unapochukulia umeme, si karibu na kifaa. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake. Ukiiweka mwisho, waya wote wa nyuma yake uko uchi. Na usichune waya kabisa: kuna kipachiko kinachoingia kwenye nafasi ya fyuzi ndani ya kisanduku, kinabeba fyuzi ya zamani na yako pamoja. Kwa chaja ya USB chagua nafasi ya ACC.

Fyuzi Kumi
Na fyuzi ya redio ikikatika, rudisha namba ileile iliyoandikwa mgongoni mwake, iwe 10 au 15. Ikikatika tena, kuna waya unagusa bodi. Anayeweka 30 ili isikatike anaugeuza waya kuwa fyuzi.

Waya Tu
Nakubaliana na Fyuzi Kumi kwa asilimia zote.

Kioo cha Mbele
Turudi kwenye maongezi kidogo. Nani ana dawa ya mtu wa upande wa pili kulalamika kuwa hakusikii?

Dada Usukani
Maiki. Redio nyingi zina tundu la maiki ya nje nyuma, na waya wake unabaki kwenye boksi kwa sababu fundi hakutaka kuupitisha. Uitoe nje, iweke juu ya usukani au karibu na kioo cha jua, ikitazama mdomo. Isikae mbele ya tundu la kiyoyozi, upepo utaifunika sauti yako yote. Ukiupitisha waya kwenye nguzo ya kioo na nguzo hiyo ina mfuko wa hewa, upite nyuma ya mfuko na ufungwe kwenye waya uliopo, kamwe usipite mbele yake. Soketi na mirija ya njano ya mfumo huo msiiguse.

Mwenzako akijisikia mwenyewe, punguza sauti ya redio kwanza. Na sauti ya maongezi ina kipimo chake: lazima uipandishe simu ikiwa hewani, ukipandisha wakati wa muziki unabadilisha ya muziki.

Kebo Fupi
Kwa Android Auto na CarPlay, ile mifumo ya kuonyesha programu za simu kwenye skrini ya gari, kebo ndiyo mchawi. Kebo nyingi za kuchajia hazina nyaya za data ndani. Simu inachaji, skrini ya gari imenyamaza. Tumia ya data, isiyozidi mita 1, kisha pangusa tundu la simu kwa kijiti cha mbao maana vumbi la mfukoni linazuia plagi isizame. Kuanzia Android 10 Android Auto iko ndani ya simu tayari. Bila waya, simu nyingi zinahitaji Android 11 na Wi-Fi ya gigahezi 5. CarPlay haiwaki Siri ikiwa imezimwa.

Chaja Mbovu
Sauti ya Bluetooth ni ndogo hata nikijaza redio.

Kebo Fupi
Simu nayo ijaze, zina vipimo viwili. Ikigoma, kwa Android gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, ingia chaguo za wasanidi, washa swichi inayozima sauti kamili ya Bluetooth (Disable absolute volume), kata na uunganishe upya.

Spika Nne
Mimi dawa yangu ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Fundi Nyaya
Kufuta upande mmoja hakufai, mkuu. Redio ikibaki na ufunguo wa siri wa kuoanisha wa zamani, itaikataa simu hiyohiyo. Futa kwenye redio, futa kwenye simu, zima zote, ndipo uoanishe gari likiwa limesimama, kwa sababu redio nyingi hazikubali likitembea. Ikiomba namba, jaribu 0000 kisha 1234. Ikikataa simu mpya kabisa, orodha imejaa. Ondoa za zamani.

Dada Usukani
Na ukiuza gari au ukirudisha la kukodi, fungua hiyo orodha ufute simu yako. Redio inanakili majina na namba zako zote, na nyingi zinabaki nazo hadi simu ifutwe.