Kupe kwenye mbwa hapa Bwiru, juu kwenye mawe, hakuna ng'ombe wala majani. Wametoka wapi?

Mama_Taji

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaofuga mbwa hapa Mwanza.

Tumehamia Bwiru mwaka huu, nyumba ya kupanga, ile sehemu ya juu. Mnaoijua mnaelewa, ukitoka mlangoni ni jiwe, nyuma ya uzio ni jiwe, mbele ni ziwa. Uani ni saruji tupu, majani ni yale ya kwenye ndoo za maua. Tuna mbwa wawili, dume na jike, machotara wa German Shepherd, na paka mmoja. Mbwa hawatoki getini. Tulipokuwa Nyakato jirani alikuwa na ng'ombe wanapita mlangoni kila siku na sikuwahi kuona kupe hata mmoja.

Sasa jike kaanza kukuna sikio na kutikisa kichwa. Nikadhani ni uchafu. Kumulika na tochi ya simu, kupe wamejaa ndani ya sikio, kule chini kabisa. Nikaangalia miguu, wamejibana katikati ya vidole. Wengine ni wadogo mno, ukiwaona utasema ni vumbi mpaka utembee na macho uone vinasogea. Lakini kilichonitoa roho ni jana usiku, kupe anapanda ukuta wa sebuleni, kapita pazia, anaelekea dari. Sebuleni! Mbwa wenyewe wanaishia kibarazani.

Jirani anasema hao ni papasi, watatuuma usiku. Mume wangu anasema ni pimbi, maana wanakuja kuota jua kwenye mawe nyuma ya nyumba. Mimi nina watoto wadogo wanaotambaa sakafuni, nataka kujua ni nini hiki na naanzia wapi.

Ngosha_wa_Magu

Mwadila mama. Chukua mafuta ya taa, paka pamba, gusisha kupe mmoja mmoja, watadondoka wenyewe. Sisi nyumbani ndivyo tunavyofanya miaka yote. Ukikosa, kijinga cha moto kwa mbali kidogo.

Sangara_Mkavu

Kodi za Bwiru zimepanda mpaka kupe wanachangia chumba 😂 Pole dada, nafuatilia uzi maana na mimi nina mbwa.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Shemeji yuko sahihi, ni pimbi. Mawe yote ya Mwanza yana pimbi, kuanzia huko Bwiru mpaka kisiwani Saanane. Hawa wanyama wana kupe balaa. Ziba matundu ya uzio habari iishe.

Daktari_wa_Mbwa_Kanda

Mama Taji, pole. Mimi ni daktari wa mifugo, na nyumba za namna yako naziona kila mara, za mjini, safi, zenye saruji. Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo kwa sababu mkikosea kumjua mdudu mtapoteza hela.

Maelezo yako yanamwelekea kupe wa kahawia wa mbwa, jina lake la kisayansi ni Rhipicephalus sanguineus. Kupe wengi unaowasikia wanategemea nyasi: wanasubiri juu ya jani mnyama apite. Huyu ni tofauti. Amezoea kuishi na mbwa ndani ya banda na ndani ya nyumba ya binadamu. Hahitaji ng'ombe, hahitaji malisho. Ufa wa ukuta, nyuma ya fremu ya mlango, chini ya gunia la kulalia mbwa, hapo ndipo kwake. Kwa hiyo saruji na mawe havimsumbui hata kidogo, tena nyufa za mawe anazipenda.

Maisha yake yako hivi. Anatoka kwenye yai akiwa na miguu sita, ndiyo hao unaowaona kama vumbi. Anamparamia mbwa, ananyonya damu siku kadhaa, anadondoka, anajificha, anajibadilisha na kuwa na miguu minane. Anapanda tena mbwa, ananyonya, anadondoka tena. Akikomaa anapanda mara ya tatu. Jike akishiba anavimba kama punje ya kunde ya kijivu, anashuka, anatafuta ufa, anataga mayai ambayo yanaweza kufika 4,000, kisha anakufa. Kwa joto la kwetu mzunguko mzima unaweza kuisha ndani ya miezi miwili hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Kupanda ukuta ni tabia yake. Akidondoka kwa mbwa anaelekea juu. Ndiyo maana watu wanawakuta kwenye pazia na kwenye kona za dari wakati mbwa hajawahi kuingia ndani.

Kuhusu papasi: huyo ni ndugu wa mbali. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo, anakaa kwenye sakafu ya udongo na kuta za udongo, anatoka usiku, anauma muda mfupi na kurudi kwenye ufa. Ndiye anayeleta homa ya papasi kwa binadamu. Hutamkuta ameng'ang'ania ndani ya sikio la mbwa siku tatu. Na pimbi wana kupe kweli, lakini kupe wa pimbi kwa kawaida ni wa pimbi. Waacheni waote jua.

Ngosha, kaka yangu, mafuta ya taa na moto hapana. Vinaunguza ngozi ya mbwa, na kupe akibughudhiwa anaweza kutema mate zaidi kwenye kidonda, na humo kwenye mate ndimo magonjwa yalimo. Tumia kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mtie kwenye kichupa cha spiriti. Usimpasue kwa kucha. Wale wa ndani kabisa ya sikio usichokoe, mwachie daktari.

Sasa naomba unijibu haraka: mbwa wote wanakula? Fizi zina rangi gani? Mkojo? Kuna aliyetoka damu puani? Na nyumba hiyo, kabla yenu alikaa nani?

Ngosha_wa_Magu

Daktari nimekusikia. Ila ng'ombe wetu hawajawahi kulalamika.

Mama_Taji

Asante sana daktari. Jike anakula vizuri. Dume tangu juzi anasusa, hata ugali na mapanki kaacha, na huyu ni mbwa wa kula hadi sufuria. Nimemfunua mdomo sasa hivi, fizi ni nyeupe kuliko za mwenzake. Mkojo sijauona.

Nyumba: nimempigia baba mwenye nyumba. Anasema ilikaa wazi miezi kama saba. Aliyekuwepo alikuwa na mbwa wanne, na lile banda la mbao uani ni la kwake, tulilikuta. Lakini miezi saba bila mbwa kupe wanakula nini?

Daktari_wa_Mbwa_Kanda

Hawali. Kupe mzima wa aina hii anaweza kukaa na njaa zaidi ya mwaka. Walikuwa wanawasubiri. Jibu la "wametoka wapi" ndilo hilo, wamo kwenye banda na kwenye nyufa za nyumba tangu enzi za mpangaji yule.

Dume mpeleke leo, usingoje kesho. Fizi nyeupe na kususa chakula kwa mbwa mwenye kupe ni Babesia au Ehrlichia, magonjwa mawili ya damu yanayoletwa na kupe, mpaka damu iseme vinginevyo. Ya kwanza inapasua chembe nyekundu za damu, mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawa. Ya pili inashusha chembe za kugandisha damu, ndiyo hao wanaotoka damu puani, na kupe akishajishika anaweza kuiambukiza ndani ya saa chache tu. Kama kliniki utakayokwenda haina hadubini, uliza kuhusu kupeleka sampuli TVLA, ile maabara ya mifugo ya serikali, wana kituo hapa Mwanza.

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Swali la pembeni, ndigana je? Mzee wangu Misungwi alipoteza ndama kwa ndigana na mbwa wa boma walikuwa na kupe hao hao.

Daktari_wa_Mbwa_Kanda

Sio hao hao. Ndigana kali inaletwa na kupe wa masikio ya ng'ombe, ni ukoo mmoja na huyu lakini njia tofauti. Haimpati mbwa.

Binti_Kirumba

Dada mimi yalinikuta Kirumba, ghorofa ya pili, kwa hiyo usishangae. Nikuambie tu kwamba mbwa ndiyo kazi nyepesi, nyumba ndiyo itakutesa. Watu wa kupiga dawa walikuja mara moja, wakachukua hela, nikashangilia. Baada ya wiki kadhaa vile vidogo vikarudi kama mvua, kwa sababu dawa haikugusa mayai. Inabidi kurudia na kurudia. Tulichofanya: magunia na matandiko ya mbwa tulichoma, zulia tukalianika juani, nyufa zote za ukuta na pembeni ya milango fundi akaziba kwa plasta. Hiyo plasta ndiyo iliyotusaidia kuliko dawa. Mwenye nyumba alikataa kulipa, jiandae.

Sangara_Mkavu

Mi nilichukua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe duka la dawa za mifugo, nikachanganya kwenye beseni, mbwa akapona. Elfu chache tu.

Daktari_wa_Mbwa_Kanda

Hapo naomba tuwe makini, hasa kwa Mama Taji mwenye paka. Dawa nyingi za ng'ombe ni amitraz, au zile ambazo jina la kiambato linaishia na "methrin". Mbwa anaweza kuogeshwa kwa baadhi yake kwa kipimo chake, sio kipimo cha ng'ombe, na kamwe sio kwa kukadiria na kizibo. Paka ni habari nyingine. Permethrin kidogo tu inamtetemesha mpaka kufa, hata akilamba mbwa aliyetoka kuoga. Mtenge paka mpaka mbwa akauke kabisa.

Na nyie wa Bwiru, Igogo, Kirumba: maji ya beseni msiyamwage kwenye mtaro. Mtaro unashuka ziwani, na dawa hizo zinaua samaki vibaya sana.

Kama mfuko unaruhusu kuna vidonge vya kutafuna. Fluralaner inakinga wiki 12, afoxolaner kama mwezi mmoja. Kupe akinyonya anakufa, kwa hiyo mbwa mwenyewe anageuka mtego wa kusafisha nyumba. Kama mbwa amewahi kupata degedege mwambie daktari kabla hajampa. Watoto wanaotambaa: huyu kupe anampenda mbwa, binadamu humuuma mara chache, ila inatokea. Wakague jioni nyuma ya masikio na kwenye nywele, na mtoto akipata homa mtaje kupe hospitali.

Mama_Taji

Mrejesho wakuu. Dume ana Babesia, daktari ameniita nikaone mwenyewe kwenye hadubini. Amechomwa imidocarb, atarudia baada ya wiki mbili, na amepewa doksisaiklini ya wiki nne kwa sababu wanahofia na Ehrlichia ipo. Leo asubuhi amekunywa mchuzi wa sato. Jike damu yake haikuonyesha kitu, wote wamepewa vidonge vya kutafuna. Fundi wa plasta anakuja Jumamosi. Baba mwenye nyumba amesema atachangia saruji mifuko miwili, wabeja kwake.

Swali langu lililobaki ni banda. Mbao ni nzuri, mninga, roho inauma. Nikilipaka rangi upya si linatosha?

Binti_Kirumba

Dada. Choma.

Ngosha_wa_Magu

Hapo sasa mafuta ya taa yanaruhusiwa daktari?

Daktari_wa_Mbwa_Kanda

Hapo hata lita tano, Ngosha. Mbali na nyumba tu, na mtoe paka kwanza, huwa analala humo.