MJADALA: Mtetezi wa mtoto mahakamani alazimishwe kusoma historia ya Wamarekani Weusi?

Mleta mada
Wakuu, hasa mlioko Marekani. Mwaka 1977 Jaji David Soukup wa Seattle alianza kuwatumia raia wa kawaida, wanaojitolea, kumfuatilia mtoto aliyeondolewa kwao na kumshauri jaji. Leo watetezi hao, CASA, wako nchi nzima, na wengi ni Wazungu. Watoto Weusi ni kama asilimia 14 ya watoto wote wa nchi ile, ila katika malezi ya kambo, yaani watoto walioondolewa kwao na kulelewa na familia nyingine, wanazidi asilimia 20. Msimamo wangu: asiyeijua historia ya watu hawa asikabidhiwe faili la mtoto wao.

Maryland ilipokomesha utumwa Novemba 1864, mabwana walikimbilia mahakamani wakarudishiwa watoto walewale kwa jina la wanagenzi, yaani eti wanafundishwa kazi. Binti mmoja, Elizabeth Turner, aliachiwa 1867 na Jaji Mkuu Salmon Chase. Mwaka 1960 Louisiana ikawafutia msaada watoto wapatao 23,000, wengi mno Weusi, kwa madai kuwa nyumba zao hazifai. Sasa bibi akisita kumfungulia mlango mtu wa ustawi wa jamii, mtetezi asiyejua haya ataandika "hatoi ushirikiano".

Mchangiaji wa 2
Napinga hilo la kulazimisha. Kazi hii naifanya. Watoto wanasubiri mtu wa kuwasemea, na watu wa kujitolea hawatoshi. Halafu kuna hatari ya kuiona rangi usimwone mtoto. Kijana wa Kikongo aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ni Mweusi, lakini Louisiana si kwao. Nimeona mtetezi akimweleza mtoto kama huyo habari za Martin Luther King, asimuulize hata nyumbani wanazungumza lugha gani.

Mleta mada
Hoja ya Nyarugusu naipokea yote, iingizwe kwenye mafunzo. Ila kutojua nako kunaumiza. Binti anakaa miezi kwa familia isiyojua kusuka, nywele zimeshikana na kukatika, na ripoti inasema anaendelea vizuri. Kubwa zaidi ni undugu. Utumwani familia ziliuzwa vipande vipande, aliyebaki akalea wa mwenzake, na mpaka leo shangazi wa kanisani ni shangazi kwelikweli. Sheria ya 1997 inasema mtoto akikaa nje ya kwao miezi 15 kati ya 22, serikali iombe haki za mzazi zifutwe, lakini inaruhusu kusita kama analelewa na ndugu. Mtetezi akimwandika shangazi yule kuwa "si ndugu", amecheza na hatima ya familia nzima.

Mchangiaji wa 3
Mimi nauliza, afundishe nani? Video moja ya Februari, mwezi wa historia ya Weusi kule Marekani, haitoshi. Waitwe watu wazima waliokulia malezi ya kambo, wakiwa Weusi, na walipwe kama wakufunzi wengine. Na kwa yule wa Nyarugusu, atafutwe Mkongo wa mji huohuo kabla ripoti haijafika kwa jaji.