Tupeane uzoefu: mvua inapokata kipindi, au inapotukusanya mbele ya luninga

Mwanzisha mada, Tabata, Dar es Salaam
Ndugu zangu, poleni na masika. Naomba tusimuliane jinsi mvua na upepo vilivyowahi kubadilisha jioni zetu za kutazama filamu na vipindi vya uhalisia, kwa sababu naamini hali ya hewa ndiyo mara nyingi huamua tutazame nini, wapi na pamoja na nani. Watanzania wawili waliowahi kushinda shindano la runinga la Big Brother Africa, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, walitangazwa Novemba na Desemba, yaani katika vuli. Usiku ule wa Idris sebule yetu ilijaa majirani ambao ving'amuzi vyao havikuwa vimelipiwa, na mvua ikashuka wakati washiriki waliobaki wanahesabika kwa vidole. Picha ikaganda, kisha yakatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Hakuna aliyeondoka. Kijana mmoja akampigia dada yake aliyekuwa Dodoma, akaweka simu spika, na dada yule akatusimulia kila kilichoendelea hadi alipotajwa mshindi wa dola 300,000. Marudio niliyatazama baadaye, nikiwa peke yangu na picha ikiwa safi kabisa, lakini furaha ile sikuipata. Wenzangu yamewakuta yapi?

Mchangiaji, Nairobi
Kwetu ni mafuriko ya mwaka 2024. Shule zilipaswa kufunguliwa Aprili 29, zikaahirishwa hadi Mei 6, kisha zikaahirishwa tena, na watoto wakabaki nyumbani. Nilipoona kila mmoja amejikunyata na simu yake, niliweka utaratibu wa filamu moja kila jioni kwenye runinga ya sebuleni, na anayeichagua aeleze kwanza sababu ya kuichagua. Kifungua mimba wangu alipenda filamu za mapigano zilizotiwa maelezo ya Kiswahili na msimuliaji DJ Afro, na kitinda mimba, ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, akafuata kisa chote kwa msaada wa maelezo hayo. Stima ilipopotea waliendelea kubishana gizani kuhusu mhusika aliyekuwa na haki. Siku hizo ngumu zilinipa watoto wangu kwa namna ambayo likizo ya kawaida haikuwahi kunipa.

Fundi wa madishi, Morogoro
Mwanzisha mada, kilichowapata Tabata kina maelezo, na ni vyema kila mwenye dishi ayajue. Madishi madogo ya nyumbani hupokea mawimbi mafupi sana, yenye urefu wa takriban sentimita 2.5, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya yakiwa njiani. Ndiyo maana wingu zito lililo upande ambao dishi linaelekea linaweza kukata picha hata kabla tone la kwanza halijaanguka uani kwako. Waliowahi kumiliki madishi makubwa ya wavu watakumbuka kwamba yalivumilia zaidi, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu, kama sentimita 7.5. Kwa hiyo mvua kubwa ikikata picha kwa muda mfupi, hakuna kilichoharibika, na usikubali kuuziwa kichwa kipya cha dishi. Picha ikikatika kwa manyunyu, hapo kuna tatizo: ama dishi limelegea na kupoteza uelekeo, ama maji yameingia kwenye maungio ya waya. Mimi huuacha waya uning'inie kidogo chini ya kichwa kabla haujaelekezwa ndani, ili maji yadondokee hapo yasiufuate, kisha hufunga maungio kwa utepe wa mpira. Inaniuma sana kukuta maungio yaliyoachwa wazi, shaba imeota kutu ya kijani, na mzee wa watu ameshalipishwa vifaa ambavyo hakuvihitaji.

Mchangiaji, Unguja
Huku kwetu filamu zina msimu wake. Tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo mara nyingi huangukia Juni au Julai, huonesha filamu Ngome Kongwe bila paa juu ya watazamaji, na hilo linawezekana kwa sababu masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Chukueni kanga nzito au koti, maana upepo wa kusi usiku si wa kuuchezea. Nasikitika kwamba wageni wengi huijua raha hiyo kuliko vijana wetu wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini.

Mchangiaji, Mafia
Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mei 2024, hakuna aliyekumbuka filamu. Tulifuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tu, na umeme ulipokatika kwetu tukahamia kwenye redio ya betri. Dishi letu lilipinda. Fundi, naomba kuuliza: je, inafaa kulishusha kabla ya upepo kufika?

Fundi wa madishi, Morogoro
Pole sana, ndugu yangu. Inafaa, lakini lishushwe mapema, mara tahadhari inapotolewa na anga likiwa bado tulivu. Kabla ya kulegeza nati, piga alama ya rangi kwenye nguzo na kwenye kishikio, ili utakapolirudisha likae palepale. Radi zikianza, chomoa king'amuzi kwenye umeme na kwenye waya wa dishi mapema, na mtu yeyote asipande paani, hata kama ni usiku wa fainali.