Mrejesho: yule basenji asiyebweka

Wakuu, niliuliza kama basenji, mbwa wa kuwinda mwenye asili ya Kongo, anafaa kwa mtu anayeishi ghorofani. Nikamchukua, jike wa kilo 10.

Kubweka kweli habweki. Ila saa kumi na moja alfajiri anatoa sauti kama mtu anayejifunza kupiga vigelegele, hadi jirani akanigongea kuuliza kuna nini. Anajilamba kama paka, na hanuki.

Mliosema nisimwachie kamba mlikuwa sahihi. Siku ya nne aliona paka, akachomoka, nikabaki na mkanda mkononi. Nilimkuta baada ya dakika 40, juu ya ukuta! Sasa tunakimbia asubuhi na jioni, la sivyo viatu vinaliwa. Nimebakiwa na ndala moja, ya kushoto.

Kuhusu figo, daktari wa mifugo kasema nimpime sukari kwenye mkojo kila mwezi kwa vijiti, maana uzao huu una ugonjwa wa kurithi uitwao Fanconi, figo zinaachia sukari itoke na mkojo. Kipimo cha kwanza safi.

Bado swali moja: hawa huingia kwenye joto (kutaka dume) mara moja tu kwa mwaka, sasa nimfunge kizazi lini?